Jamvi moja, wanafunzi watatu

Swali la Jumapili hii latoka Matemwe, Kaskazini Unguja, kwa mama mkulima wa mwani. Ana watoto watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 8, na kitindamimba wa miaka 5. Mama huyu hupenda kuwasomesha wanawe nyumbani wakisharudi skuli na chuoni, lakini kila akikaa nao jamvini mambo humharibikia. "Nikimshika mkubwa, mdogo hunivuta kanga," asema. "Nikimgeukia mdogo, wa kati huchoka kungoja akatoroka kwenda kucheza mpira pwani. Mwisho humwambia dada yao awasomeshe yeye, nami nikaingia jikoni. Sasa ndugu yangu, nifanye vipi? Nianze na yupi?"

Swali hili si la mama huyu peke yake. Ni la kila nyumba yenye watoto kadhaa, mtu mzima mmoja, taa moja, na saa moja ya nafasi kabla ya kulala. Nitamjibu kwanza kwa ufupi, kisha nieleze. Asianze na mkubwa wala asianze na mdogo. Aanze na jambo moja lililo mbele ya macho ya wote watatu, kisha amwulize kila mmoja swali la kimo chake. Na yule binti mkubwa alindwe, maana katika habari hii yeye ndiye aliye hatarini kuliko wenziwe.

Hata hivyo, yatupasa tuelewane mapema. Hatuzungumzii hapa kumwondoa mtoto skuli ili asomeshwe kwao. Visiwani elimu ya msingi ni ya lazima, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliyatia hata madarasa ya maandalizi ndani ya elimu hiyo. Tangu tarehe 23 Septemba, 1964, Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo, mlango wa skuli ni haki ya kila mtoto, wa mjini na wa shamba. Asiwepo mzazi wa kuirudisha haki hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Masomo ya nyumbani ni mkono wa pili unaousaidia ule wa kwanza.

Mkono huo wa pili wahitajika. Kwa miaka mingi skuli nyingi za Unguja zimesomesha kwa mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana, hata ndugu wa nyumba moja wakawa wapishana mlangoni, huyu atoka na huyu aingia. Tena mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofika nchini, skuli zote zilifungwa kwa miezi kama mitatu. Masomo yalitangazwa redioni na kuonyeshwa katika televisheni, lakini redio haimwoni mtoto aliyekwama, wala haijui kwamba sauti yake yasikilizwa na watoto watatu ambao mmoja tu ndiye aliyekusudiwa. Siku zile wazazi wengi walijikuta, kwa mara ya kwanza, wamezungukwa na wanafunzi wa kila kimo bila kujua pa kuanzia.

Njia ya kale

Kuwasomesha watoto wa umri mbalimbali mahali pamoja si uzushi wa leo. Vyuo vyetu vya Kurani vimefanya hivyo vizazi na vizazi. Ingia chuo chochote cha kijijini, utamkuta mtoto anayetamka alifu na bee, ubavuni mwake yuko anayesoma juzuu ya Amma, na karibu na mwalimu yuko anayekaribia kuhitimu. Wote wasoma kwa wakati mmoja, kila mtu mahali alipofika. Mwalimu humsikiliza mmoja mmoja, na aliyetangulia humshika mkono aliye nyuma. Hakuna anayeona haya kwa kuwa na miaka 9 akisoma pamoja na mwenye miaka 6, kwa sababu kinachoangaliwa ni hatua aliyofikia mtoto, si umri wake.

Wenye hekima walilitambua hilo wakalijenga. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walioanzisha elimu ya maandalizi ndani ya madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na kazi hiyo ikaingia Zanzibar mwaka 1990. Watoto wadogo walijifunza hesabu na lugha kwa vitu vya kwao wenyewe: vifuu, makombe, mbegu na vijiti. Ng'ambo nako, Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma mwaka 1907, akawaweka wadogo na wakubwa kidogo katika chumba kimoja kwa makusudi, ili wajifunze kwa kutazamana. Na huko Colombia, tangu miaka ya 1970, skuli za vijijini zijulikanazo kwa jina la Escuela Nueva zimemwezesha mwalimu mmoja kusomesha madarasa kadhaa ndani ya chumba kimoja. Basi mama wa Matemwe asijione mpweke. Anafanya kazi yenye wenyewe wengi.

Jambo moja, maswali matatu

Kosa litokealo katika nyumba nyingi ni kutaka kufungua skuli tatu kwa wakati mmoja: kitabu cha darasa la kwanza huku, cha darasa la tatu kule, na cha mkubwa pembeni. Mtu mmoja hawezi. Achague jambo moja tu la siku, na liwe jambo ambalo watoto wote wamelishika kwa mikono yao.

Hapo Matemwe mwani wenyewe watosha. Kilimo hiki kilichoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na ambacho wakulima wake walio wengi ni wanawake, kina hesabu, lugha na sayansi ndani yake. Tuseme mama ana kamba 6 shambani, na kila kamba imefungwa mafungu 40. Mtoto wa miaka 5 apewe kipande cha kamba ahesabu mafungu kutoka moja hadi kumi, kisha aonyeshe fungu kubwa na dogo. Yule wa miaka 8 aulizwe: kamba zote 6 zina mafungu mangapi? Apate 240. Na mkubwa aambiwe kwamba mkondo umechukua mafungu 30. Yamebaki mangapi, na yaliyopotea ni asilimia ngapi ya yote? Apate 210, na asilimia 12 na nusu. Watatu wamekaa na jambo moja, kila mmoja amepata jasho lake, wala hakuna aliyengoja zamu yake kwa kupiga miayo.

Vivyo hivyo katika lugha. Lichukuliwe neno lilo hilo, "mwani". Mdogo ajifunze silabi "ni", aiandike mchangani kwa kidole, maana Matemwe Mungu amewapa ubao mweupe usiokwisha. Wa kati atafute maneno yanayoanza kwa "mwa" na "mwe" kama mwani, mwana, mwezi, mwenge, ayaandike daftarini kwa hati safi. Mkubwa aandike habari ya mwani tangu kufungwa mbegu, wiki zipatazo sita za kungojea baharini, hadi kuanikwa na kuuzwa. Akimaliza awasomee wadogo zake, nao waseme kama ameacha jambo. Hapo mdogo amepata hadithi, wa kati amepata msamiati, na mwandishi amepata wasomaji.

Hadithi za jioni nazo zisiachwe. Baada ya "Paukwa" na "Pakawa", wote wasikilize hadithi moja ya Sungura. Mdogo aulizwe ni wanyama gani waliotajwa. Wa kati aulizwe nini kilitangulia na nini kikafuata. Mkubwa aulizwe kama Sungura alifanya haki, na kwa nini. Vitendawili pia ni hazina, kwa kuwa mtoto mdogo aweza kumshinda mkubwa wake, na ushindi mmoja wa namna hiyo humpa moyo wa juma zima.

Kwa utaratibu, saa moja yatosha. Robo saa ya kwanza wakae wote pamoja kwa lile jambo la siku. Nusu saa inayofuata kila mtoto afanye kazi yake, na mama amtembelee mmoja mmoja, akianzia kwa mdogo, kwa sababu mdogo huchoka upesi. Robo saa ya mwisho iwe ya mkubwa peke yake, wadogo wakisha kulala au wakishughulika na mchezo wa kimya. Robo saa hiyo ndiyo inayosahauliwa katika nyumba nyingi, nami nitairudia hapa chini.

Saa ya maji

Jambo la pili ni wakati. Vitabu vya malezi hupenda kumwambia mzazi achague saa moja isiyobadilika kila siku. Shauri hilo ni jema kwa mke wa karani, lakini si kwa mkulima wa mwani. Mama wa pwani haendi kwa saa ya ukutani. Huenda kwa maji. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, bahari hutoka mbali sana, na kwetu Unguja maji hupwa kabisa kati ya asubuhi na adhuhuri. Hapo mama yuko shambani kwake ndani ya bahari, maji yakimfika magotini, na jioni hurudi na mgongo uliochoka. Kumdai somo la saa nzima usiku huo ni kumwonea. Siku za maji mafu, kazi ya baharini hupungua na nafasi huwapo.

Kwa hiyo ratiba ya nyumba hii na ifuate mwezi. Siku za maji mafu masomo yawe marefu, yale ya kukaa na daftari. Siku za bamvua yawe mafupi, ya mdomo: hadithi, vitendawili, hesabu za kichwani wakati wa kuanika mwani au kukuna nazi. Watoto waelezwe sababu, nao watajifunza kwamba ratiba yaweza kubadilika bila kuvunjika.

Na maji yenyewe ni somo. Kwa wastani maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ikiwa leo yamepwa kabisa saa nne kamili asubuhi, kesho itakuwa karibu na saa tano kasoro dakika 10, keshokutwa saa sita kasoro dakika 20, na siku ya tatu saa sita na nusu. Binti wa miaka 12 aandike hesabu hiyo kwenye karatasi aibandike ukutani, na kila siku ndugu yake wa kati aende pwani kuona kama dada amepatia. Mdogo achore mwezi alivyouona usiku. Baada ya mwezi mmoja nyumba itakuwa na kitabu kilichoandikwa na watoto watatu, kisichouzwa duka lolote.

Mwalimu mdogo

Sasa nafika penye uzito. Mama huyu alilisema jambo moja kwa kupitia tu, kwamba mwisho humwambia dada yao awasomeshe. Neno hilo lina heri, na lina shari.

Heri yake ni kubwa. Anayefundisha husoma mara mbili. Mtu hajui kwa hakika kama amelielewa jambo mpaka alazimike kumweleza asiyelijua. Binti anayemwonyesha mdogo wake namna ya kukopa makumi katika kutoa, huliona kosa alilokuwa akilifanya yeye mwenyewe. Kadhalika mtoto mdogo aghalabu humwelewa dada kuliko mtu mzima, kwa sababu dada angali akumbuka pale palipomshinda yeye.

Shari yake huja polepole, tena kwa sura ya wema. Binti huyu ndiye achotaye maji, ndiye aoshaye vyombo, ndiye ambebaye mdogo mama akiwa baharini. Sasa ameongezewa ualimu. Watu humsifu: mtoto huyu ana akili, mtoto huyu amekuwa mama wa pili. Naye hufurahi kusifiwa, akaendelea. Inapofika saa tatu za usiku wadogo wamejua kusoma, naye daftari lake halijafunguliwa. Hakuna aliyemkataza kusoma. Amekosa nafasi tu. Na siku ya mtihani, karatasi haitamwuliza ni wadogo wangapi aliowalea.

Tusilione jambo hili dogo. Mtoto wa kike wa visiwa hivi alicheleweshwa sana mlangoni. Skuli ya kwanza ya Serikali ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1905, na wasichana wakangoja hadi mwaka 1927 ndipo wakapata yao, miaka 22 baadaye. Wa shamba walingoja zaidi. Itakuwa huzuni mlango uliofunguliwa kwa taabu kiasi hicho uje ufungwe tena na mikono ya ndugu zake wawili wadogo, wasiojua walitendalo.

Basi ualimu wa binti huyu uwekewe mipaka minne.

Kwanza, zamu yake isizidi robo saa kwa siku, nayo iwe na mwisho unaojulikana. Ikisha, mama au baba apokee. Mdogo akilia kwamba bado amtaka dada, na alie kidogo.

Pili, binti awe na saa yake mwenyewe ya kusoma ambayo hatumwi popote, hata kibiriti dukani. Watoto wote waijue saa hiyo, wageni pia waijue.

Tatu, mvulana wa miaka 8 naye ni mwalimu. Aweza kumsomesha wa miaka 5 silabi na namba, na atafaidika kama dada yake alivyofaidika. Aweza pia kuosha sahani. Mkono wa mwanamume haukatiki kwa maji ya sabuni, na kila sahani aioshayo ni dakika moja ya dada yake kurudi kitabuni.

Nne, binti naye apate mwalimu. Hapa ndipo penye ile robo saa ya mwisho. Akina mama wengi huniambia, "Masomo ya mkubwa yamenipita kimo, na huko mbele sekondari wanasomeshwa kwa Kiingereza. Nitamsaidia nini?" Nawajibu kwamba aweza kumsaidia sana kwa maneno mawili tu: "Umejuaje?" Amwombe binti amfafanulie somo la leo kwa Kiswahili, kama anavyowafafanulia wadogo zake, na kila akisema jambo amwulize amejuaje. Akieleza vizuri, ameelewa. Akigugumia, wote wawili wamejua pa kwenda kuuliza kesho: kwa mwalimu wa skuli, kwa shangazi, kwa jirani aliyepitia darasa hilo. Mzazi hana haja ya kujua jibu. Lililo muhimu ni kukaa pale, kuuliza, na kusikiliza hadi mwisho.

Wasipimwe kwa pishi moja

Liko jambo moja ambalo laweza kuharibu yote yaliyotangulia, nalo ni kulinganisha. Watoto wanapokaa pamoja ni rahisi ulimi kuteleza: "Mtazame mdogo wako, ameshajua, wewe bado." Neno hilo humchoma mkubwa na humpotosha mdogo. Huyu huanza kuchukia jamvi, na yule huanza kusoma ili kumshinda nduguye badala ya kusoma ili ajue. Chuoni kwetu kila mtoto hulinganishwa na alipokuwa jana. Na nyumbani tufanye hivyo. Tumwambie wa miaka 8: "Juma lililopita ulikwama kwenye jedwali la sita, leo umelimaliza." Hiyo ndiyo sifa yenye faida.

Wala tusidhani kwamba watoto wa tumbo moja watakwenda mwendo mmoja. Mmoja atasoma mapema akachelewa hesabu. Mwingine atahesabu pweza wa mvuvi kabla hajajua kuandika jina lake. Kukaa pamoja kutamfaa kila mmoja ikiwa ameruhusiwa kuwa mahali alipo.

Nimalizie kwa akina baba. Katika swali lote la mama wa Matemwe, baba hakutajwa hata mara moja. Huenda yuko baharini usiku na ngalawa yake, au yuko mjini akitafuta riziki. Lakini akirudi na samaki, anarudi na somo: bei, uzito, majina ya pepo, majina ya mawe na mikondo ya kuelekea Mnemba. Dakika kumi za baba akiwahesabia wanawe samaki wa leo, mdogo akihesabu mikia, wa kati akijumlisha bei, na mkubwa akitoa gharama, zina thamani kubwa. Tena zitampa mkewe dakika kumi za kupumzisha mgongo, na binti yake dakika kumi za kitabu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Jioni ya leo lichaguliwe jambo moja tu, kamba moja, samaki mmoja, au hadithi moja, na maswali matatu. Kisha wadogo wakilala, taa isizimwe upesi. Yuko mmoja ambaye zamu yake ndiyo kwanza inaanza.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.